Urefu Unaodaiwa na Urefu Uliopo: Nyuga za Urefu Badilifu katika Ubainishi wa Itifaki

Kompyuta inayopokea ujumbe mtandaoni huona mfululizo wa baiti tu. Uga wa urefu maalumu, kama anwani ya IPv4 yenye baiti 4, hauna utata. Utata huanza pale uga unapoweza kurefuka au kufupika, na mpokeaji hana budi kuambiwa unakoma wapi. Itifaki ya barua pepe ya SMTP hutumia alama ya kikomo: mstari wenye nukta pekee hufunga ujumbe. DNS, kwa upande wake, hutanguliza urefu: kila kipande cha jina hutanguliwa na baiti 1 inayotaja ukubwa wake, usiozidi 63.

Njia hii ya pili ni nyepesi, lakini urefu unaotajwa ni dai la mtumaji tu. Hilo lilidhihirika Aprili 2014 ilipotangazwa kasoro ya Heartbleed katika OpenSSL, programu ya usimbaji fiche iliyotumiwa na seva nyingi duniani. RFC 6520 ya mwaka 2012 iliongeza katika itifaki ya TLS ujumbe mfupi ambao mpokeaji huurudisha ulivyo, ithibati kwamba muunganisho ungali hai. Ndani yake mna nyuga mbili badilifu zinazofuatana: shehena, na kijalizo cha baiti zisizopungua 16. Ili zitenganishwe, ililazimu urefu wa shehena utajwe kwa baiti 2, ilhali urefu wa rekodi nzima ulikwisha kutajwa nje. Kauli zikawa mbili, na zingeweza kuhitilafiana.

Mshambuliaji aliweza kutuma shehena ya baiti 1 huku akidai ni maelfu. OpenSSL iliamini dai, ikajaza pengo kwa chochote kilichokuwa jirani katika kumbukumbu ya seva, zikiwemo nywila na funguo za siri. Nchini Kanada, mamlaka ya mapato ilitangaza kuibwa kwa namba za utambulisho za walipa kodi wapatao 900.

Waraka wenyewe ulikuwa umeagiza kwamba ujumbe wenye urefu uliozidi utupwe kimya. Kumlaumu mwandishi wa programu peke yake, basi, hakutoshi: agizo lisiloambatana na ujumbe wa majaribio wenye urefu wa uongo ni rahisi kupuuzwa, na wanaoandaa masharti ya ununuzi wa mifumo ya serikali wana uwezo wa kudai majaribio hayo. Gharama yake ni ndogo. Toleo 1.0.1g la OpenSSL, lililotolewa 7 Aprili 2014, hujumlisha baiti 1 ya aina, 2 za urefu, shehena inayodaiwa na 16 za kijalizo; jumla ikizidi urefu wa rekodi, ujumbe hutupwa.