Miguu Inayouma Usiku

Maumivu ya ukuaji ni maumivu ya miguu yanayowapata watoto wadogo, hasa kati ya miaka 3 na 12, jioni au usiku, na kutoweka kabla ya asubuhi. Mtoto aliyelala vizuri huamka akilia, ameshika kigimbi, muundi, paja au nyuma ya goti. Aghalabu miguu yote miwili huuma, au leo huu na siku nyingine ule. Hali hiyo hudumu dakika kadhaa, pengine saa nzima, kisha usingizi humchukua tena. Kukicha anakimbia na wenzake, utadhani hakuna kilichotokea. Wiki nzima yaweza kupita kimya, halafu usiku mmoja kilio kikarudi.

Si jambo la nadra. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu watoto wa miaka 4 hadi 6 wa kusini mwa Australia ulikuta kwamba karibu 37 katika kila 100 walikuwa nayo. Tafiti nyingine zimetoa hesabu ndogo zaidi, kwa kuwa kila mtafiti ana kipimo chake cha nini kihesabiwe.

Daktari Mfaransa Marcel Duchamp aliandika juu ya maumivu haya mwaka 1823, akayahusisha na kukua, na jina likabaki hivyo. Mwili wenyewe hauliungi mkono jina hilo. Mtoto hukua kwa kasi kuliko wakati wowote katika mwaka wake wa kwanza, anapoongezeka sentimita 25 hivi, na huharakisha tena anapobalehe. Maumivu haya hushika katikati ya vipindi hivyo viwili, wakati urefu unaongezeka sentimita 5 hadi 7 tu kwa mwaka. Tena mfupa hurefuka kwenye ncha zake, karibu na maungo, ilhali mtoto akiulizwa panapouma huonyesha nyama za mguu. Mwaka 1951 madaktari wawili wa Uingereza, John Naish na John Apley, waliweka masharti ambayo wengi bado wanayafuata: maumivu yawe ya kuja na kwenda, yawe yameendelea kwa miezi isiyopungua 3, yasiwe ndani ya maungo, na yawe makali kiasi cha kumkatiza mtoto usingizi.

Chanzo hasa hakijathibitishwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni uchovu: misuli na mifupa ambayo haijakomaa hulalamika usiku baada ya kutumika mno mchana. Maelezo hayo yanaeleweka kwa urahisi Buterere, kaskazini mwa Bujumbura. Mtaa huo uko kwenye tambarare ya Imbo, jirani na uwanja wa ndege, na mtoto wa miaka 5 anaweza kushinda kutwa kwenye vumbi akicheza mpira peku, akitumwa dukani, akibeba kidumu cha maji na kutembea kwenda shule na kurudi. Imeonekana pia kwamba baadhi ya watoto wenye maumivu ya ukuaji huhisi maumivu upesi kuliko wenzao, na kwamba baadhi wana upungufu wa vitamini D. Wengine wana upungufu wa madini ya chuma, ambao huifanya miguu isitulie usiku. Jambo hili la mwisho halifai kupitwa haraka nchini Burundi, kwani uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016 na 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa na upungufu wa damu, na zaidi ya nusu walikuwa wamedumaa.

Dawa ya kwanza ni mikono ya mzazi. Mtoto mwenye maumivu ya ukuaji hupenda kushikwa na kukandwa, na hiyo yenyewe ni alama ya kuyatambua, maana mtoto mwenye jipu, mfupa uliovunjika au ungo lililovimba hurudisha mguu nyuma ukiguswa tu. Mafuta yoyote salama ya kupaka yanatosha, hata mawese. Kigimbi hukandwa polepole kutoka kifundo cha mguu kuelekea goti, kisha paja, kwa dakika 5 hadi 10. Joto nalo husaidia: kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa, au kuoga maji ya vuguvugu kabla ya kulala siku ambayo mtoto amecheza sana. Kitambaa hicho hujaribiwa kwanza kwenye kiwiko cha mzazi, kwa sababu ngozi ya mtoto huungua kwa joto ambalo kiganja kilichozoea sufuria hakilihisi.

Kunyoosha misuli kumepata ushahidi kiasi. Katika utafiti mdogo wa Kanada uliotolewa mwaka 1988, wazazi walifundishwa kuwanyoosha watoto misuli ya kigimbi na ya paja, asubuhi na usiku, na watoto hao wakapona mapema kuliko wale ambao hawakunyooshwa. Namna yake ni rahisi. Mtoto analala chali, goti limenyooka, mzazi anasukuma wayo taratibu kuelekea muundi na kuushikilia kwa sekunde 20 hivi, kisha anauachia, mara kadhaa kwa kila mguu. Kwa misuli ya mbele ya paja, mtoto analala kifudifudi na kisigino kinapelekwa kwenye tako. Anapoanza kulalamika, hapo ndipo pa kusimama.

Usiku ambao kukanda hakutoshi, parasetamoli inafaa. Kipimo chake hufuata uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 20 hupata nusu ya kidonge cha miligramu 500, ambayo ni miligramu 250. Kati ya dozi na dozi yapite saa 4 hadi 6, na dozi zisizidi 4 kwa siku. Mtoto anayehitaji dawa hiyo karibu kila usiku apelekwe akaonekane. Aspirini haifai kwa watoto, kwa kuwa inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Vidonge vikali vya maumivu vya watu wazima vinavyouzwa kimoja kimoja vibandani navyo haviwahusu. Sindano haihitajiki kabisa hapa, na ikipigwa vibaya kwenye tako inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu na kumwachia mtoto kilema ambacho hakuwa nacho.

Kwa kuwa maumivu huja gizani na kutoweka alfajiri bila kuacha alama, zipo familia zinazodhani ni jini au mkono wa mtu, na zipo zinazodhani mtoto anajidekeza kwa sababu mchana alikuwa mzima. Dhana zote mbili humuumiza mtoto. Chale kwenye miguu huingiza vijidudu, na fimbo humfundisha kuficha maumivu hata siku yatakapokuwa ya hatari. Mtoto huyu hasingizii. Anapaswa kuambiwa kwamba anaaminika na kwamba maumivu yataisha, na kesho yake asizuiwe kucheza wala kwenda shule.

Kipimo kikubwa ni asubuhi. Mtoto anayechechemea baada ya kuamka, anayekataa kukanyaga, au ambaye maumivu yanaendelea mchana, hana maumivu ya ukuaji mpaka ithibitishwe vinginevyo. Homa nayo hubadili kila kitu. Mwezi Machi 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, na katika tambarare yenye madimbwi na mafuriko ya kila mara, mtoto mwenye homa na maumivu ya viungo hupimwa malaria siku hiyohiyo. Mahali pamoja palipovimba na kuwa pa moto, pamoja na homa, huashiria usaha ndani ya mfupa au ungo. Mtoto huyo ni wa kukimbizwa hospitali, kwani kuchelewa hata siku chache kunaweza kuliharibu ungo moja kwa moja.

Ugonjwa wa damu uitwao selimundu huwachanganya wengi. Maumivu yake ni makali, hayachagui usiku wala mchana, na hushika pia mikono, mgongo na kifua. Kwa mtoto mchanga huanza mara nyingi kwa kuvimba viganja na nyayo, na macho huweza kuwa ya manjano. Watoto wa namna hii wanahitaji kipimo cha damu, maji mengi, joto na matibabu ya kudumu. Barafu huwazidishia maumivu. Matege, yaani miguu iliyopinda pamoja na vifundo vinene, hutokana na upungufu wa vitamini D au chokaa mwilini. Ndagala wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa na miba yao wana chokaa nyingi, na jua la Bujumbura lipo la kutosha, mradi mtoto mdogo atolewe nje.

Polio pia bado ni ya kukumbukwa. Machi 2023 Burundi ilitangaza mlipuko, wa kwanza kwa zaidi ya miaka 30, baada ya virusi kupatikana kwa mtoto wa miaka 4 asiyechanjwa katika wilaya ya afya ya Isale, magharibi mwa nchi, na katika sampuli za maji machafu. Ugonjwa huo huanza kwa homa na maumivu ya mguu, kisha mguu unalegea ghafla. Mguu uliolegea, hata bila maumivu, ni wa kuripotiwa siku hiyohiyo. Mtoto anayepauka, anayekonda, anayetokwa na damu puani au kupata michubuko bila kugongwa huchunguzwa saratani ya damu. Anayechechemea kwa wiki nyingi huku nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu huchunguzwa kifua kikuu cha mifupa.

Nchini Burundi matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya umma hayalipiwi tangu Mei 2006, kwa hiyo gharama isiwe sababu ya kusubiri. Kituoni, mhudumu huuliza maumivu huanza saa ngapi, ni mguu upi, na asubuhi huwaje. Huangalia jinsi mtoto anavyotembea, hugeuza nyonga na magoti yake, hubonyeza mifupa, hupima uzito na urefu, hutazama macho kama ana damu ya kutosha. Mambo hayo yakiwa sawa, picha za eksirei na vipimo vya gharama havihitajiki, na mzazi hurudi nyumbani na maelekezo ya kukanda na kunyoosha. Usiku wenye maumivu hupungua wenyewe kadiri miezi inavyopita, na kwa watoto walio wengi hukoma kabla ya kubalehe, bila kuacha athari yoyote katika mifupa wala urefu wao.