Zulia Haliogeshwi kwa Ndoo

Udongo mwekundu wa Kangeta, uliotokana na volkano za Nyambene, huingia nyumbani na kila mguu. Mwenye nyumba, akiona zulia limebadilika rangi, hulimwagia ndoo nzima ya maji na sabuni ya unga, maji ambayo pengine mkewe ameyabeba mgongoni. Ni hasara juu ya hasara. Sabuni isiyosuuzwa vema hubaki nyuzini na kunasa vumbi upya. Unyevu nao, hasa wakati wa mvua za Novemba, huzaa kuvu, na mtoto mwenye pumu ndiye anayeumia.

Tope na likauke kwanza. Zulia litundikwe uani, lipigwe kwa fimbo, kisha madoa tu yafutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Na viatu vivuliwe mlangoni, hata vya mnunuzi wa miraa.