Omba Mti, Usiombe Hela

Mkoa wetu wa Njombe umejaa watu ambao mfukoni hawana hata elfu kumi, lakini mlimani wana miti ambayo ikivunwa kwa wakati wake inajenga nyumba. Nawajua kwa sababu kazi yangu ni kuwaomba. Nilifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sasa ni mweka hazina wa kamati ya ujenzi ya usharika wetu hapa Makambako. Wakiniona naingia uani na daftari kwapani, "kamwene" haijaisha mdomoni wameshaanza kujitetea: mbolea imepanda, mtoto yuko chuo, viazi vimekosa soko. Wala hawadanganyi.

Hela ya mkulima wa huku ina msimu. Tangaza harambee mwezi wa pili, wakati mahindi yako shambani na ghala limebaki vumbi, uone. Asiyetaka kuaibika mbele ya wenzake anamwita mnunuzi wa miti. Mnunuzi anafika, analizunguka shamba, anakadiria kwa macho, anataja bei ya shamba zima, na misindano ya miaka minane inalala chini. Ilikuwa ikae kumi na minane, hata ishirini na zaidi.

Mwalimu haachi hesabu, kwa hiyo mnivumilie. Shina lenye kipenyo cha sentimita 15 likifika sentimita 30, uso wa gogo unaouona ukilikata umekuwa mara nne, si mara mbili, na hapo hujagusa urefu ulioongezeka. Gogo jembamba ukilipitisha kwenye dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, linakupa vibao vichache na rundo la maganda. Nene linakupa mbili kwa sita za kenchi na moja kwa nane safi, zile ambazo malori yanazipakia hapa Makambako kwenda Dar es Salaam. Basi ile laki moja ya harambee tuliyoipigia vigelegele madhabahuni, mtoaji aliikata kwenye mti ambao ungempa yeye na usharika mara kadhaa zaidi kama tungekuwa na subira.

Ndiyo maana siku hizi nikifika kwa mtu naulizia shamba kabla ya mfuko. Kutoa vitu si jambo geni kwetu. Jumapili ya mavuno tunanadi kuku, mayai, mikungu ya ndizi na debe la maharage, na kuku mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mnadani mpaka mwenyewe anachoka kupiga kelele. Kiazi kinakuja kwa lumbesa, ingawa watu wa vipimo hawataki kuliona gunia la namna hiyo. Lakini hivyo vyote vinaisha siku hiyo hiyo. Mti unaendelea kukua baada ya kutolewa, na bado hatujazoea kuupokea ukiwa umesimama.

Watu wa pwani wametutangulia mbali. Zanzibar mtu aliweka wakfu minazi au nyumba kwa ajili ya msikiti: nazi na kodi zinatumika, mali yenyewe haiuzwi. Mpaka leo kuna Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mambo hayo. Sisi Wabena tuna miti ya biashara tangu kampuni ya Tanganyika Wattle ilipoanza miwati pale Kibena mwaka 1949, ikitafuta magome ya kutengenezea dawa ya kusindikia ngozi. Kisha ikaja misindano, ikaja milingoti ya nguzo za umeme, na mwaka 2014 ukaanza mpango wa Panda Miti Kibiashara kwa msaada wa Finland, ofisi yake ikiwa Njombe mjini. Mali ipo. Kinachokosekana ni namna ya kuipokea.

Nieleze tulivyofanya kwa mama mmoja mjane, upande wa Mtwango. Alitukaribisha jikoni, akatupa chai, akasema, "Mwalimu, hela sina. Ule mstari wa juu, unaopakana na barabara, chukueni." Kijana wake mkubwa akauliza haraka, "Na ardhi, mama?" Mama akajibu, "Ardhi ni yenu. Nimetoa miti."

Lile swali la kijana lilikuwa muhimu kuliko shukrani zetu zote. Tukaandika hivyo hivyo: miti arobaini, mstari wa juu, ardhi inabaki ya familia, usharika utaingia kuvuna na kuondoka. Wakasaini mama, watoto wake wote wazima, jirani wa mpakani na mwenyekiti wa kitongoji. Tukapiga kila shina alama ya rangi nyekundu kwenye usawa wa kifua. Familia ikatunza nakala moja, nyingine tukaifungia kwenye kabati la usharika. Mtu akinipa miti bila mke au mumewe kujua, siichukui, hata kama ni mzee wa kanisa. Miti mingi huku imepandwa na watu wawili na kupaliliwa na watoto.

Jambo la pili ni jina la anayepokea. Kamati haiwezi kumiliki kitu. Ni majina ya watu kwenye karatasi, na watu huhama au kufa. Taasisi ya dini iwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, na hati iandikwe kwa jina la bodi. Kijijini, halmashauri ya kijiji ni chombo kinachotambuliwa kisheria, kinaweza kupokea miti kwa ajili ya zahanati au shule. Na kabla ya msumeno kuwashwa, pitia kwa ofisa misitu: mbao zikikamatwa kwenye kizuizi bila TP, yaani kibali cha kuzisafirisha, hakuna atakayesikiliza kwamba ni za usharika.

Moto ndio unaoninyima usingizi. Kuanzia Agosti nyasi zinakuwa kavu, mtu anaandaa shamba lake kwa kiberiti, na jioni mlima mzima unawaka. Kwa hiyo anayetoa miti tunamsaidia kulima njia ya kuzuia moto kila mwaka, vijana wa kwaya wakishika majembe. Ni gharama, na kamati isiyokuwa tayari kuibeba iombe hela tu.

Wapo pia wana wa Njombe walioko Dar wenye hisa za CRDB au NMB. Hao nawaambia wasiuze. Waache hisa zikae, watume gawio kila linapotoka. Asiye na mrithi azitaje kwenye wosia.

Na si kila kitu kinapokelewa. Ndugu mmoja alituletea lori bovu lisilo na injini, akataka litangazwe kanisani. Tulimshukuru na kumwomba aliuze chuma chakavu mwenyewe, alete kitakachopatikana. Alinuna kidogo.

Yule kijana wa Mtwango juzi kanipigia simu: anatafuta ada, anataka kukata upande wake, na mnunuzi anamwambia achanganye na ile yenye rangi ili lori lijae. Nimemwambia tukutane Jumamosi na mama akiwepo. Nitamwomba akate miwati ya bondeni achome mkaa, misindano aiache, na kamati itafute namna ya kumkopesha kiasi kilichopungua.