Kuhama jimbo wakati ombi la uraia halijajibiwa

Jamaa zetu wengi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi huhama jimbo moja kwenda jingine kwa kufuata kazi au ndugu. Je, aliyekwisha kuomba uraia kwa fomu N-400 akihama, ombi lake linakufa? Hapana. Sharti la kukaa miezi 3 katika jimbo linahusu siku ya kupeleka ombi. Akihama baadaye, faili lake huhamishiwa ofisi ya makao mapya, naye halipi mara ya pili.

Lakini ana siku 10 tu za kuijulisha idara ya uhamiaji (USCIS) anwani yake mpya. Kuijulisha posta peke yake hakutoshi. Asipofanya hivyo, barua ya kumwita kwenye mahojiano itakwenda nyumba ya zamani, na asipofika ombi linaweza kufungwa.

Jambo hili linatugusa hata sisi tuliobaki Kivu. Mwenye kibali cha kudumu hawezi kuwaombea wazazi wake wamfuate. Raia aliyetimiza miaka 21 anaweza. Wazazi na viongozi, mnapoongea nao kwa simu, waulizeni: idara inajua unapokaa sasa?