Je, Wajua? Nagios ikigoma kuwaka

Nagios, programu ya kufuatilia mitandao iliyotolewa na Mmarekani Ethan Galstad mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, inaweza kugoma kuwaka kwa kosa moja tu la herufi. Ukiandika "seva-moja" pahali pamoja na "seva_moja" pengine, itaona umetaja mashine isiyokuwepo, na haianzi ng'o! Wengi hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Kazi bure, maana faili lenye kosa mara nyingi hubaki palepale. Amri nagios -v, ikifuatiwa na njia ya faili la nagios.cfg, hukagua mipangilio bila kuwasha chochote, kisha hukutajia faili na mstari wa kuanzia kutafuta. Iendeshe kila ubadilishapo mipangilio, kabla hujaizima programu inayofanya kazi.