Moyo Ukichafuka: Dawa ya Jikoni na Mipaka Yake

Hakuna mtu asiyejua kichefuchefu. Mate yanajaa kinywani, jasho la baridi linatoka usoni, na harufu ya ndakala zikaangwazo kwa mawese, ambayo jana ilikuvuta jikoni, leo inakufukuza. Wengine husema moyo unachafuka, wengine roho. Lakini kazi hiyo ni ya tumbo na ubongo. Katika ubongo kuna mahali panapopokea habari kutoka tumboni, masikioni na katika damu. Ikifika habari ya sumu, ya homa au ya kuyumbayumba, mwili hujitayarisha kutapika. Kwa hiyo kichefuchefu ni kama mlinzi apigaye kengele usiku. Ni vema kumtuliza, lakini kwanza tumwulize ameona nini.

Nina sababu ya kuandika hivi. Siku moja niliwafundisha akina mama faida ya tangawizi, nao walifurahi. Baada ya majuma machache mama mmoja alifika na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni. Mtoto alikuwa ametapika siku mbili. Mama alimpa maji ya tangawizi kama alivyosikia, na alipoona kila kitu kinarudi, akamnyima hata maji. Macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani, akilia pasipo machozi. Tulipopima damu yake tukaona malaria. Mama hakukosa, alitii fundisho. Mimi ndiye niliyesahau kumwambia ni siku gani tangawizi haitoshi. Basi leo nataka kulifundisha somo lote.

Tangawizi

Tangawizi ni dawa ya kweli kwa kichefuchefu kidogo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake juu ya utunzaji wa wajawazito, liliitaja miongoni mwa vitu vya kupunguza kichefuchefu cha miezi ya kwanza ya mimba.

Itengeneze hivi. Chukua kipande kibichi kama ncha ya kidole gumba. Kioshe, kikwangue ngozi, kiponde. Kitie katika kikombe, mimina maji yaliyochemka, funika dakika 10, kisha chuja. Kunywa kidogo kidogo, si kwa mkupuo mmoja. Vikombe viwili au vitatu kwa siku vyatosha, maana tangawizi nyingi huwasha tumbo na kuleta kiungulia. Mtu anywaye dawa za hospitali za kuzuia damu isigande amwulize mganga kwanza. Mtoto mchanga asipewe kabisa. Chakula na kinywaji chake ni maziwa ya mama.

Harufu ya limau lililokatwa huwasaidia wengine. Chai nyepesi ya mchaichai ni nzuri pia, maana ni maji ya moto yaliyochemshwa, na tumbo huyapokea kwa upole.

Mama mwenye mimba

Mama, kichefuchefu cha asubuhi huanza mapema, na kwa wengi hupungua baada ya mwezi wa tatu au wa nne. Weka kando ya kitanda kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchoma. Kula kidogo kabla ya kusimama. Tumbo tupu huongeza kichefuchefu, kwa hiyo kula mara nyingi, kidogo kila mara. Na wewe baba, ikiwa moshi na harufu ya samaki vinamsumbua mke wako, waombe wengine nyumbani wapike. Hiyo nayo ni dawa.

Usile udongo ili kutuliza moyo. Udongo unaweza kuleta mayai ya minyoo na kupunguza damu, nawe unahitaji damu ya watu wawili.

Ukishindwa kukaa na maji tumboni siku nzima, au mkojo ukiwa kidogo na mweusi, njoo dispensere. Na ikiwa mimba imepita miezi mitano, nawe unatapika pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona giza, au uso kuvimba, usingoje hata kupambazuka. Huo waweza kuwa ugonjwa wa damu kupanda, ambao huua mama na mtoto.

Safari ya ziwani

Sisi tukaao Kirungu twajua mashua za ziwani na mawimbi ya Tanganyika. Ndani ya sikio kuna vifereji vidogo vyenye maji, navyo huujulisha ubongo kwamba mwili unayumba. Lakini macho yakitazama mizigo ndani ya mashua huuambia kwamba umetulia. Ubongo hupokea habari mbili zisizopatana, na moyo unachafuka. Basi keti katikati ya mashua, mbali na moshi wa mashine. Tazama milima ya pwani au mstari wa mbali ambapo maji hukutana na mbingu. Kula kidogo kabla ya kuondoka. Tafuna tangawizi, au kunywa chai yake mapema.

Muhogo mchungu

Ikiwa jamaa nzima wamekula ugali wa muhogo, na baada ya saa chache wanasikia kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika, usitafute mchawi. Muhogo mchungu una sumu, nayo hutoka ukilowekwa siku tatu au zaidi na kukaushwa vizuri juani. Wakati wa njaa watu hufanya haraka, wakaloweka siku moja tu. Tangawizi haiondoi sumu hiyo. Acheni chakula hicho, mwende hospitali wote.

Kutapika pamoja na kuhara

Hapa ndipo watu wengi hufa. Kolera ilifika Afrika mwaka 1970 katika wimbi lake la saba duniani, na tangu miaka hiyo imerudi mara nyingi katika miji ya kando ya ziwa letu, Kalemie ikiwa mmojawapo. Mgonjwa wa kolera huhara maji kama maji ya mchele, naye aweza kufa kwa saa chache kwa kukaukiwa.

Lakini dawa yake ya kwanza ni rahisi. Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walijaa katika kambi ya Bangaon huko India, na kolera ikawaua. Maji ya mishipa yalipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi. Kabla ya hapo walikufa karibu 30 kwa kila 100. Baadaye walikufa chini ya 4. Sababu ni hii: sukari hufungua mlango wa utumbo, chumvi huingia pamoja nayo, na maji hufuata.

Pakiti ya dawa hiyo hupatikana dispensere; tia katika maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake. Kama hakuna, tengeneza nyumbani. Maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1. Sukari, vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa. Chumvi, nusu ya kijiko kidogo. Pima kwa uangalifu, kwa kuwa chumvi nyingi ni hatari. Mpe mgonjwa kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha anza tena polepole zaidi. Usimnyime mtoto titi. Na huku ukimnywesha, safari ya kwenda hospitali iendelee.

Mambo ya kuacha

Usimtie mtoto dawa ya majani kwa njia ya nyuma. Humkausha zaidi na kuumiza utumbo. Aliyekunywa petroli asitapishwe, maana ikirudi yaweza kuingia mapafuni. Mpeleke mara moja.

Alama za kukimbilia hospitali

Zishike hizi moyoni. Mtoto hawezi kunywa wala kunyonya. Anatapika kila kitu. Ameshikwa na degedege. Amelegea au haamki. Ngozi ya tumbo ukiivuta inarudi polepole. Matapishi yana damu, au yana rangi ya majani. Tumbo limekuwa gumu na linauma sana. Tena, kila homa pamoja na kutapika ipimwe malaria. Na aliyetapika dawa ya malaria muda mfupi baada ya kuimeza arudi apewe nyingine, asidhani ameponywa.

Yule mtoto tulimnywesha kwa kijiko mchana kutwa, tukampa na dawa ya malaria. Jioni alimshika mama yake nguo, akatafuta titi. Mama akalia, nami nikageuza uso. Basi panda tangawizi karibu na nyumba yako, ndugu, na uitumie kwa shukrani. Lakini mtoto akitapika kila kitu, iache jikoni, mbebe mgongoni, uje.