Maneno ya Kubuni na ya Kigeni katika Ngano za Chuku za Watoto: Mfano wa Lusenda

Katika uchambuzi wa ngano za watoto, neno lisilo na maana aghalabu hupitwa haraka kana kwamba ni kelele za msimulizi. Ilhali msikilizaji wa Kiswahili huingizwa hadithini kwa maneno ya aina hiyohiyo: ni wachache wawezao kueleza maana ya "paukwa" na "pakawa", wala mtoto hadai tafsiri kabla ya kuitikia. Edward Steere, aliyekusanya ngano za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, alibainisha kwamba baadhi ya nyimbo zilizomo hazikuweza kufafanuliwa vema hata na waimbaji wenyewe. Makala haya yanaangalia maneno hayo mahali ambapo lugha ni nyingi na kicheko kina gharama yake: Lusenda, katika eneo la Fizi, Kivu ya Kusini.

Lusenda iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Uvira kwenda Baraka. Kibembe na Kiswahili husikika huko tangu zamani. Kifaransa ndicho cha shule na ofisi. Na mwaka 2015, kambi ilipofunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya kisiasa nchini mwao, Kirundi nacho kiliongezeka. Watoto wanaokaa pamoja kusikiliza ngano, basi, hawana lugha moja ya mama. Neno la kubuni laweza kuwa neno pekee hadithini ambalo si mali ya yeyote: mwenyeji na mgeni hulipokea kwa ujinga ulio sawa. Hapo ndipo linapotofautiana na lugha za siri za vijana, kama Kibalele cha Bukavu kilichochunguzwa na Didier Goyvaerts mwaka 1996, ambazo huundwa ili wengine wasielewe.

Hata hivyo, neno hilo halielei hewani. Chukuliwe sentensi hii, iliyotungwa kwa ajili ya mfano: "Kandulubwe kakameza mtumbwi na wavuvi saba, kisha kakaomba chumvi." Mnyama huyo hayumo katika kamusi, lakini kiambishi ka-, ambacho Kiswahili cha Kongo hukitumia kuonyesha udogo pale Kiswahili sanifu kinapotumia ki-, kimekwisha kusema kwamba ni kadogo, chuku yote imo katika kutolingana kwa udogo huo na mtumbwi uliomezwa. Msimulizi akisema "lindulubwe likameza", ukubwa hupatikana, ila kicheko hupungua, kwani jitu kumeza mtumbwi si ajabu. Upatanisho wa kisarufi ukivurugwa, hubaki kelele tupu. Mwalimu anayelikata neno kama hilo kwa wino mwekundu angefanya vema kuangalia kwanza viambishi vyake: huenda mtoto ameonyesha ujuzi wa ngeli kuliko mwenzake aliyeandika "samaki" tu.

Maneno ya kigeni ni suala jingine. Ugeni si lazima utoke Ulaya. Samaki aitwaye mgebuka Kigoma huitwa mukeke Bujumbura. Mvuvi wa hadithi akivua mgebuka asubuhi na mukeke jioni, akaapa kwamba ni samaki wawili tofauti, watoto wayajuao majina yote mawili watamcheka pamoja. Kifaransa nacho huwafaa wakubwa. Mamba anayefunga njia na kudai "lesibulasiyo" kwa kila apitaye hajatamka neno la Kifaransa hata moja, ila le- ya mwanzo na -siyo ya mwisho zatosha kumvika kofia ya afisa. Kicheko hicho huelekea juu.

Hatari iko pale msimulizi anapoiga sauti za jirani, Kirundi cha uongo au Kibembe cha uongo, na kuzitia kinywani mwa zimwi. Katika nchi ambayo matamshi yameweza kumtambulisha mtu kuwa wa upande gani wakati wa vita, huo si ubunifu. Hata asiyekusudia baya hujikwaa. Jina "Bwoba" laweza kumpendeza mtunzi wa Kiswahili kwa zimwi la kuchekesha, kwa kuwa kwake halina maana. Mtoto wa Kirundi atasikia "ubwoba", yaani hofu. Wengine watacheka, yeye atanyamaza. Pengine jina hilo ndilo hasa lifaalo, lakini sharti lichaguliwe kwa kujua. Njia ya kulipima neno ni nyepesi: litamkwe kwanza mbele ya watoto wachache wa kila lugha, nao waulizwe linawakumbusha nini. Wakitoa majibu tofauti, yote ya upuuzi, neno linafaa.